Gari Hununuliwa na Mtaa

Mkazi wa Nairobi anunuapo gari, aghalabu husemwa kwamba ametaka makuu. Lawama hiyo haina mashiko. Mara nyingi kinachomshurutisha ni mtaa wenyewe, na wakati wa kununua huamuliwa na umri wa watoto waliomo nyumbani.

Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940. Nyumba zake zilizunguka viwanja vya wazi; ukumbi, shule na maduka vikawekwa karibu. Haikuwa hisani: serikali ya kikoloni haikutarajia mfanyakazi Mwafrika awe na gari. Hata hivyo, mtoto aliweza kutumwa dukani akarudi salama. Kinyume chake, sehemu kubwa ya Syokimau na Kitengela iliuzwa kiwanja kimoja kimoja. Kila mnunuzi akajizungushia ukuta, nayo njia ya miguu, shule na zahanati vikaachiwa bahati. Kutoka langoni hadi steji ni vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Kituo cha reli cha Syokimau kilichofunguliwa mwaka 2012 kinastahili sifa, ila treni haimfikishi mtoto chekechea.

Kijana asiye na watoto huvumilia hayo yote. Hupanda matatu, kisha bodaboda kumalizia safari. Mtoto wa kwanza azaliwapo, bodaboda hugeuka tishio. Watoto wawili waanzapo kusoma katika shule mbili tofauti, mkopo wa gari huchukuliwa. Nao wakishakua, gari haliuzwi, kwani familia imekwisha kulizoea. Mzee asiyeweza tena kuendesha ndiye aumiaye zaidi: hubaki mfungwa nyuma ya ukuta alioujenga mwenyewe.

Katika Mji wa Kale wa Lamu, vichochoro havipitishi gari, na mtaa ungali na maana ya watu wanaojuana, si safu ya malango. (Hakuna anayependekeza Nairobi iwe Lamu, punda hawangetosha.)

Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Haimfupishii mama wa Kitengela mwendo wa kwenda kliniki. Sheria ya mwaka 2019 kuhusu upangaji wa matumizi ya ardhi inazipa kaunti mamlaka ya kuidhinisha au kukataa ramani za ujenzi. Kajiado na Machakos ziyatumie: ramani isiyoonyesha njia ya miguu na kiwanja cha shule irudishwe kwa mwenyewe.