Kelele Inayokuja na Kuondoka Isitufanye Tubahatishe

Vijana wenzetu, na ninyi wa mashirika mnaotusoma, leo tuongelee garaji. Huku Butihinda, barabara ya kutoka mpakani Kobero kuelekea Muyinga haikosi magari. Malori yanapanda kutoka Dar es Salaam, na katikati yake kuna Probox na Corolla za zamani zinazobeba watu na mizigo. Baadhi yetu tunatafuta riziki kwa kuzitengeneza. Ugonjwa unaopima ufundi wetu kuliko mingine ni huu: kelele ya mbele ya injini inayosikika asubuhi, halafu gari ikifika garaji, kimya.

Mara nyingi fundi akisimuliwa tu anakata hukumu: "Cheni imekwisha, badilisha." Ama vibaya zaidi: "Tafuta injini nyingine." Sisi tunasema huo si ufundi. Ni kamari, na pesa inayochezwa ni ya mteja.

Kwanza tuulize: hiyo injini iko na cheni kweli? Corolla za zamani zenye 4A-FE au 5A-FE zinatumia mkanda. Probox yenye 1NZ-FE ndiyo iko na cheni. Kuna watu wanauziwa cheni ambayo gari yao haina!

Pili, tuulize kelele inakuja lini. Ikilia sekunde mbili tatu baada ya kuwasha injini baridi kisha ikanyamaza, huenda oili ilishuka usiku, na kile kikaza cheni kinachosukumwa na presha ya oili kikachelewa kujaa. Ikiendelea hata injini ikipata moto, tushuku cheni iliyorefuka au reli zake zilizolika. Ikianza injini ikiwa ya moto na inazunguka polepole, tupime presha ya oili haraka. Ikilia wakati wa kupanda mlima tu, inaweza kuwa petroli mbaya, na kila mtu anajua petroli ya kwenye bidoni wakati wa uhaba inavyokuwa.

Tatu, tuanze na vitu visivyo na gharama. Gari isimame mahali tambarare, izimwe dakika chache, tupime oili. Ikiwa imepungua au imekuwa nyeusi na nzito, tushughulikie hiyo pamoja na filta kabla ya kugusa kingine. Tushike bati la kukinga joto la ekzosi tuone kama limelegea. Kwenye Probox tutoe mkanda wa nje, tuwashe kwa muda mfupi sana, maana pampu ya maji haizunguki. Kelele ikipotea, tatizo liko kwenye altaneta, pampu ya maji au beringi za nje. Cheni tuiache. Ikibaki, turudishe mkanda, tuchukue bisibisi ndefu, ncha kwenye kava ya mbele, mpini sikioni, mbali na feni na mkanda. Hapo ndipo geji ya presha inafuata, na mwishoni kabisa kufungua kava ya vali.

Hatusemi kelele ipuuzwe. Cheni ikiruka meno, katika injini nyingi pistoni zinagonga vali na gari inakufa barabarani ikiwa na abiria. Ndiyo maana tunataka ukweli, si haraka. Na gari ikifika imenyamaza, mwenye gari aiache ilale garaji, tuiwashe wenyewe alfajiri ikiwa baridi.

Hapo sasa kuna maneno mawili.

Kwa vijana: tutoze pesa ya kupima, hata kidogo, na tuseme bei kabla. Fundi anayelipwa kwa kubadilisha tu atabadilisha tu. Mkimbizi hana mjomba wa kumtetea katika mji wa watu. Jina lake zuri ndiyo dhamana yake. Mteja ukimwambia "cheni yako ni nzima, ongeza oili", utakosa pesa ya leo, lakini kesho ataleta gari ya shemeji yake.

Kwa mashirika: asanteni kwa mafunzo na masanduku ya spana. Lakini injini iliyolala juu ya meza haipigi kelele. Kijana anaweza kuifungua na kuifunga mara kumi, apate cheti, na bado asijue kusikiliza. Tunaomba gari moja nzee inayowaka, geji ya presha ya oili, na kifaa cha kusoma kodi ambacho kundi zima litatumia. Kodi kama P0016, inayoonyesha krenki na kemshafti haziendi pamoja, inaweza kutuokolea siku nzima ya kufungua. Mtupe pia miezi ya kukaa karibu na fundi mwenye uzoefu, Mrundi au mkimbizi, mbele ya magari ya wateja halisi.

Kubadilisha kipuri mtu anajifunza kwa wiki. Kusikia kipi kinaumwa kunahitaji muda, na muda huo ndio tunaouomba.