Sheria za Saudia: Mwekezaji hukaribishwa, yaya huachwa mikononi mwa mwajiri

Wengi wanaotoka Nakuru, Naivasha, Gilgil au Molo kwenda Saudia huulizia mshahara. Ni wachache wanaouliza iwapo sheria ya huko itawatambua.

Jibu hutegemea mlango anaoingilia mgeni. Tangu mwaka wa 2000, mwenye mtaji ameruhusiwa kumiliki kampuni nzima katika sekta nyingi bila mshirika Msaudi. Sheria mpya ya uwekezaji, iliyoanza kutumika Februari 2025, inamweka sawa na mwekezaji mwenyeji na kumhakikishia haki ya kuhamisha faida yake nje.

Mfanyakazi wa nyumbani hana bahati hiyo. Sheria ya kazi ya mwaka wa 2005 inamtenga waziwazi, naye husimamiwa kwa kanuni za pekee. Mageuzi ya Machi 2021, yaliyowawezesha wageni wengi kubadilisha mwajiri na kusafiri bila idhini yake, hayakumgusa. Chini ya mfumo wa kafala, yaani udhamini, kibali chake cha kuishi nchini hufungamana na mwajiri. Akikimbia mateso, mwajiri aweza kumripoti kuwa mtoro, na mlalamishi akageuka mshukiwa.

Si kwamba hana haki yoyote. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Oktoba 2024 zinaweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku, zinampa mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na kumkataza mwajiri kuzuia pasipoti yake. Lakini nyumba ya mtu si kiwanda. Mkaguzi haiingii kwa wepesi.

Mchuma maua wa Naivasha akifutwa kazi kwa dhuluma, aweza kuwasilisha kesi katika Mahakama ya Ajira na Leba mjini Nakuru. Akipanda ndege kwenda Riyadh kuwa yaya, ngao hiyo huiacha nyuma.

Kenya, iliyokuwa imesitisha safari hizo mwaka wa 2014, iliziruhusu tena mwaka wa 2017 baada ya kuafikiana na Saudia. Hata hivyo, maafikiano hayo hayakuvunja kafala. Serikali haina budi kudai kwamba yaya aingizwe katika sheria ya kazi. Kwa sasa, anayesafiri athibitishe kwamba wakala wake amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na awaachie jamaa zake nakala ya mkataba pamoja na anwani ya mwajiri. Siku ya dhiki, karatasi hiyo ndiyo itakayowapa pa kuanzia.