Neno la Mhariri: Ngiri Tunaye, Timon Hatunaye

Ngiri anayekatiza barabara ya Iringa ndani ya Hifadhi ya Mikumi, mkia juu kama antena, ndiye Pumbaa wa The Lion King, filamu ya mwaka 1994. Timon, rafiki yake katika filamu hiyo, hatunaye. Yule ni jamaa wa nguchiro aishiye Kalahari, kusini mwa Afrika. Filamu ndiyo iliyomhamishia huku na kumwimbisha Hakuna Matata, na dunia ikaamini kwamba wimbo huo ni wetu.

Muziki wake ni wa Elton John, mashairi ya Tim Rice, Waingereza wote wawili. Ila miaka 12 kabla yao, mwaka 1982, Them Mushrooms wa Kenya walishatoa Jambo Bwana, wimbo wa Teddy Kalanda Harrison uliovuma katika hoteli za kitalii za pwani, na maneno hayo mawili yamo. Boney M nao wakaurekodi kwa mtindo wao mwaka 1983. Filamu ilipofika, mlango ulikuwa wazi.

Mwaka 2018 watu wengi walitia saini kuilaumu Disney kwa kusajili maneno hayo kuwa alama ya biashara. Nawaelewa, lakini naona walikosea shabaha. Alama ile inahusu bidhaa kama fulana. Haimzuii dereva wa watalii pale Mikumi kuyasema mchana kutwa, na anayasema kweli.

Dhuluma hasa imo katika filamu hiyohiyo, pale Timon na Pumbaa wanapoimba habari za simba aliyelala. Chimbuko la wimbo ule ni Mbube, uliorekodiwa Johannesburg mwaka 1939 na Solomon Linda, Mzulu, akalipwa shilingi kumi. Wamarekani wakaugeuza, ukashika namba moja kwao mwaka 1961. Mwaka uliofuata Linda akafa maskini. Binti zake walishtaki mwaka 2004, na 2006 wakafikia mapatano ya kulipwa. Silaha yao ilikuwa sheria ya Uingereza ya 1911, iliyorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufariki. Lakini sheria hiyo ingewafaa nini kama santuri ya 1939 isingekuwa na jina la baba yao?

Hapo ndipo ninapoitazama wilaya yetu. Mkoa wa Morogoro unajivunia Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, na nyimbo zao zina majina kwa sababu zilitiwa kwenye santuri. Nyimbo za ngoma za Wasagara huku Munisagara, au za Wavidunda upande wa Kidodi, tunaziita "za asili" kisha tunanyamaza, kana kwamba ziliota zenyewe kandokando ya mto Mkondoa. Kila moja ilianza kinywani mwa mtu. Mara nyingi wajukuu wake wapo, na wanamtaja bila kusita ukiwauliza. Hatuulizi.

Kwa hiyo katika toleo hili kila wimbo unatanguliwa na mtunzi wake na kijiji chake, na mwaka pale ulipokumbukwa. Ambapo waimbaji wenyewe wanagombania nani alitunga, tumeandika majina yote mawili na kuuacha ugomvi ulivyo.