Tulichodai London, Tunakinyima Nairobi

Juni 6, 2013, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni London akakiri kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni. Akasema serikali yake inasikitika, kisha akatangaza pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Hapa Machakos habari hiyo ilistahili kusomwa mara mbili. Kesi iliyozaa malipo hayo ilibeba jina la Mutua, na kati ya walalamishi watano wa mwanzo walikuwamo wazee wawili wa Kikamba waliohasiwa mikononi mwa serikali ya mkoloni. Mwenzao mmoja, mama, aliteswa kwa kuingizwa chupa ya maji moto. Uingereza ilijitetea kwamba deni lilirithiwa na Kenya huru, na kwamba muda wa kushtaki ulikuwa umepita kitambo. Jaji McCombe wa Mahakama Kuu ya London hakukubali kesi itupwe kwa hoja hizo, si mwaka 2011, si mwaka 2012. Nasi tukashangilia.

Takriban miezi minne kabla ya hotuba ya Hague, Wakenya wanane, wanawake sita na wanaume wawili, walikuwa wamekwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kuishtaki serikali yao wenyewe. Walidhulumiwa kingono katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia ambazo tume ya Jaji Philip Waki ilizihesabia angalau visa 900 vya aina hiyo. Hukumu ilitoka Desemba 10, 2020. Jaji Weldon Korir alipata kwamba serikali ilishindwa kuchunguza na kushtaki, akaamuru wanne walipwe shilingi milioni nne kila mmoja. Wanne waliosalia walitoka mikono mitupu, kwa kuwa mahakama haikuona serikali ikiwajibikia yaliyowapata. Karibu miaka minane, watu wanane, na nusu yao wakakosa. Kwa mwendo huo, visa 900 vitaisha lini? Fanya hesabu mwenyewe. Ndiyo maana nasema fidia ya manusura hawa isingoje mahakama. Serikali iwalipe kupitia mfuko wa umma, kiwango kimoja, sasa hivi, na anayetaka zaidi aendelee na kesi yake.

Wapo watakaouliza ushahidi uko wapi, maana pesa zikitangazwa kila mtu atajiita manusura. Swali hilo si la kupuuza. Lakini tukumbuke ushahidi wenyewe hupatikanaje nchini mwetu. Unaanza kwenye kaunta ya kituo cha polisi, unapewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kisha fomu ya P3 ambayo daktari ataijaza. Januari 2008 barabara zilikuwa zimefungwa, na baadhi ya waliodhulumiwa walidhulumiwa na watu wenye sare. Nani angerudi kwenye kaunta ileile? Kukosa P3 hakuthibitishi uongo. Mara nyingi kunathibitisha woga wenye msingi. Kosovo walipata njia: kuanzia Februari 2018, tume maalumu ilipokea maombi kwa siri, hata kupitia mashirika yanayowahudumia manusura, ikayapima, ikayakataa yasiyoridhisha, na aliyekubaliwa akapangiwa euro 230 kila mwezi. Matapeli walichujwa bila kumvua mtu nguo mara ya pili.

Pingamizi lililo karibu nasi zaidi ni hili: ushuru wa mkulima wa Mwala au mfanyabiashara wa Tala ulipieje makosa ya watu wa Bonde la Ufa au Kibera, tena mengine yakiwa ya majirani wala si ya polisi? Mlipa ushuru wa Uingereza wa mwaka 2013 naye alikuwa hajazaliwa, au alikuwa ananyonya, wazee wetu walipokuwa wakiteswa. Hatukumkubalia udhuru huo. Tena serikali yetu ilishalipia ya majirani. Wakimbizi wa ndani walipewa shilingi 10,000 za kuanzia, 25,000 kwa aliyechomewa nyumba, na mwaka 2013 baadhi ya familia zikapokea 400,000. Hakuna aliyeulizwa kiberiti kilishikwa na nani. Ikiwa bati na mawe vililipiwa bila kumtafuta mchomaji, sioni mwili wa binadamu umekosa nini.

Husemwa pia kwamba pesa haziponyi. Kweli haziponyi, ila hulipa nauli ya kliniki, upasuaji wa fistula, karo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, iliamuru Februari 2024 kila mwathiriwa wa Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa LRA kule kaskazini mwa Uganda, apewe euro 750 pamoja na huduma za urekebishaji. Kiasi kidogo, lakini majaji walijua kwamba mtu kutambuliwa kuna uzito wake. Kwetu, Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni na kuahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa miaka mitatu. Kanuni za kuuendesha zilibaki rasimu. Wakati nao hauwasubiri wanaohusika, na si akina mama peke yao. Watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji ule wanafikia umri wa kuchukua kitambulisho, na fomu yake ina nafasi ya jina la baba.