Bendi haifunguliwi kama laini

Nimekuwa kimya kwa sababu ya kazi, ila mambo ya binamu yangu wa Kitale yamenirudisha kwenye kibodi.

Binamu ana saiba ndogo mjini. Kaka yake aliye Marekani alimtumia ruta ya 4G, nzuri tu, lakini kila laini aliyoweka ilikuwa kimya. Hapo ni Juni, wateja wamepanga foleni kufaili ritani za KRA kabla ya tarehe 30. Fundi mmoja wa Bungoma akamwambia, "Hiyo imefungwa, nitakufungulia bendi." Binamu alipanda matatu mara mbili, Kiminini, Kamukuywa, Webuye hadi Bungoma, akaacha shilingi 3,000 huko. Ruta ikarudi vilevile.

Mimi nasema haya maneno "kufungua bendi" yanatupotezea pesa. Modemu iliyofungwa kwa kampuni moja hufunguliwa kwa namba ya siri, na ndani yake hakuna kinachobadilika. Bendi ni kitu kingine. Kila bendi ina njia yake kwenye modemu: filta inayopitisha masafa yake na kuzuia mengine, na kikuza nguvu cha kutumia wakati wa kutuma. Kama njia haikujengwa kiwandani, hakuna programu itakayoijenga.

Nilipofungua ruta nilikuta kadi ya Quectel EC25-A. Hiyo A ni ya Amerika: 4G bendi 2, 4 na 12; 3G bendi 2, 4 na 5; 2G haina kabisa. Sisi 4G yetu iko hasa bendi 3 (1800 MHz) na bendi 20 (800 MHz), 3G ilianzia 2100 Safaricom ilipopewa leseni mwaka 2007, na 2G ni 900 na 1800. Linganisha mwenyewe. Hakuna hata moja.

Kinachochekesha ni bendi 4. Hutuma kwa 1710 hadi 1755 MHz, ndani ya masafa ambayo simu zetu hutumia kutuma kwenye bendi 3. Hupokea kwa 2110 hadi 2155, ambako minara yetu ya 3G hutangaza. Kwa hiyo ina mdomo wa bendi moja na sikio la bendi nyingine. Ukiipima unaweza kuona mawimbi ya mnara na kuamini kumebaki kidogo tu. Lakini ili kuujibu mnara huo wa 3G ingebidi itume kwa 1920 hadi 1980, na njia hiyo haina.

Kusema haki, kuna mara programu hutosha. Nexus 4 ya mwaka 2012 iliuzwa bila 4G, watu wakaiwasha kwenye bendi 4 kupitia menyu iliyofichwa. Iliwezekana kwa sababu njia ya masafa hayo ilikuwepo tayari kwa ajili ya 3G ya Amerika Kaskazini. (Google waliizima kwa sasisho la 2013. Wachoyo.)

Je, filta haziwezi kubadilishwa kwa mkono? Nyingine ni ndogo kama punje ya wimbi, nafaka hiyo, si mawimbi ya redio. Na ukishachomelea unahitaji vifaa vya kupimia ambavyo sijaviona Kitale wala Bungoma. Kwa simu, sahau.

Kwa ruta kama hii mambo ni rahisi, maana modemu ni kadi ya kuchomeka. Toa EC25-A, weka EC25-E yenye bendi 1, 3, 5, 7, 8 na 20, rudisha nyaya za antena. Bisibisi na dakika kumi. Usinunue kadi isiyo na bendi 20: masafa ya chini hufika mbali zaidi, na ukitoka mjini kuelekea miteremko ya Mlima Elgon ndiyo mara nyingi yatakayokufikia.

Kadi mpya huja na IMEI yake. Fundi akitaka kuinakilisha ile ya zamani, kataa. Kubadilisha IMEI ni kosa la jinai Kenya.

Wauzaji nao waandike bendi kwenye boksi. "4G" kwa herufi kubwa hainiambii kitu.

Yule fundi simwiti mwizi. Huenda modemu nyingi alizowahi kufungua zilikuwa zimefungwa kweli. Lakini alipoona hii haiitiki safari ya kwanza, angesema.

Kadi ilifika tarehe 2 Julai, wateja wa ritani wameshakwenda saiba ya jirani. Ruta sasa inafanya kazi. Binamu alirudi Bungoma kudai 3,000 zake, akapewa 1,000.