Goma: Mashine inaweza kutabiri mto ambao hakuna anayeupima?

Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko kule Nyamukubi, teritware ya Kalehe, Kivu Kusini. Mvua kubwa ikapiga milimani, mito ikashuka na mawe na matope, ikazoa Nyamukubi na Bushushu. Watu zaidi ya 400 walikufa. Usiku wa kuamkia tarehe 3, mvua ilikuwa imeshaua watu zaidi ya 120 ng'ambo ya ziwa, Rwanda. Sisi wa Goma, tunaokula mihogo na maharagi ya Kalehe, tunauliza: hakuna aliyeweza kutuambia mbele?

Siku hizi kuna watafiti, wengi wakiwa kwenye masomo ya doktora, wanaofundisha kompyuta kutabiri maji. Wanaipa vipimo vya mvua na vya mito vya miaka mingi. Yenyewe inajifunza: mvua ikiwa hivi, udongo ukiwa umelowa hivi, mto utapanda kiasi gani. Mwezi wa 3 mwaka 2024, watafiti wa Google waliandika katika jarida la Nature kwamba mfumo wao, uliofundishwa kwa vipimo vya vituo zaidi ya 5,000 duniani, unaweza kuona mafuriko siku 5 mbele, hata kwa mto usiokuwa na kipimo.

Ni habari njema, lakini tusijidanganye. Mfumo ule unahesabu siku kwa siku. Mito ya Kalehe ni mifupi: maji yanatoka mlimani na kufika ziwani kwa saa chache tu. Mvua ya kilima kimoja, satelaiti inaweza kuikosa. Na kama mto haupimwi, mashine ikikosea nani ataisahihisha?

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kompyuta. Ni ubao wa kupimia kwenye daraja, chombo cha kupimia mvua kwenye shule, na mtu wa kuandika namba kila asubuhi. Vita nayo inaharibu kazi hiyo: mwandishi akikimbia, daftari linakatika.

Kisha onyo lenyewe lifike, kwa simu, kwa redio, kwa shefu wa kijiji. Na liwe la kweli. Mama wa soko akikimbia bure mara mbili, mara ya tatu hataacha bidhaa yake. Na hiyo ya tatu ndiyo inaweza kumuua.