BWANA SHAMBA ANASEMA: Sugu Haizuii Dawa



Tazama kiganja chako. Je, unaona sugu? Mwezi huu tutajifunza sugu hiyo inatoka wapi, na kazi yake ni ipi.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli. Seli mpya za ngozi huzaliwa chini, mahali palipo laini. Husukumwa juu polepole na seli nyingine zinazozaliwa chini yake. Zikiwa njiani hujaa kitu kigumu kiitwacho keratini. Kitu hicho kimo pia katika kucha, pembe na kwato. Zikifika juu huwa bapa, kavu na zimekufa. Hupangana kama matofali ya ukuta, na kati yake yamo mafuta. Baadaye hubanduka, na nyingine hushika nafasi. Safari hiyo huchukua karibu mwezi 1.

Ukuta huo huzuia vijidudu vingi. Huzuia pia maji ya mwili yasipotee. Mahali panaposuguliwa sana na mpini wa jembe, mwili huongeza seli ngumu. Hiyo ndiyo sugu.

Siku moja nilimkuta mkulima akikoroga dawa ya wadudu kwa mkono mtupu. Aliniambia, "Bwana shamba, mkono wangu ni mgumu kama kwato. Dawa haipiti." Ndugu yangu, inapita! Dawa nyingi za wadudu huyeyuka katika mafuta. Basi hupenya katika mafuta yale yaliyo kati ya seli. Huioni ikipita, wala pengine husikii maumivu. Tena, sugu iko kiganjani tu. Ngozi ya uso, shingo na sehemu za siri ni nyembamba.

Kwa hiyo fanya hivi:

Koroga dawa kwa kijiti kirefu.

Vaa glavu za mpira, nguo ndefu na viatu vya mpira.

Bomba likivuja mgongoni, acha kazi. Vua nguo, oga kwa sabuni na maji mengi.

Ukiona kizunguzungu, jasho jingi, mate kujaa mdomoni au kutapika, nenda zahanati upesi. Peleka na kibandiko cha dawa, ili mganga aisome.

Sugu ni rafiki yako wakati wa kulima. Usiipe kazi ambayo haiiwezi.